Pumzi Mwisho wa Mstari

Jumatano, 2 Julai 2025

Leo nimepata wazo. Si wazo dogo. Wazo la kuvaa joho!

Nieleze vizuri, maana huenda wajukuu wakaja kusoma humu. Mimi ni Theonest, mwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Kibondo. Fotokopi, picha za pasipoti, kuchapa barua, kutengeneza simu. Mke wangu Ernesta anaimba sauti ya kwanza kwaya ya parokia. Mimi si mwanakwaya. Nilijaribiwa mara moja. Mwalimu Castory alinisikiliza mstari mmoja, akavua miwani, akaniambia kwa upole kwamba kwaya inahitaji pia watu wa kubeba viti. Basi nabeba viti. Safarini nabeba mikoba ya akina mama. Wenzangu wamevaa majoho rangi ya damu ya mzee, kola ya njano. Mimi nimevaa mikoba.

Sasa, Jumamosi ya tarehe 19 kuna tamasha la kwaya Kasulu. Ni la mwisho kwa Mwalimu Castory. Amestaafu, anarudi kwao Muleba baada ya kufundisha huku karibu maisha yake yote. Ametunga wimbo wa kuaga. Kila mtu anataka wimbo huo umpatie Mwalimu kitu cha kwenda nacho nyumbani, maana kwaya yetu haijawahi kurudi kutoka Kasulu na chochote zaidi ya vumbi.

Maneno ya nyimbo huwa nayachapa mimi kwenye karatasi. Karatasi zinalowa. Zinachanika. Zinafungiwa maandazi. Ndipo wazo likaja: programu ya simu! Maneno yote mfukoni. Tena si programu ya simu ya aina moja. Nimekuta mtandaoni chombo ambacho unaandika kazi mara moja tu, halafu inafunguka kwenye simu zote za dunia, hata kwenye kompyuta. Nimemwendea Mwalimu. Nimemhakikishia kwamba itaonekana vilevile kila mahali. Nimemwomba shukrani moja tu: nikifaulu, nivae joho Kasulu.

Amecheka hadi akakohoa. Kisha amesema sawa, kama itafanya kazi.

Ni kama imeshafanya kazi. Bado kuitengeneza tu.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemaliza! Kwenye kompyuta yangu inapendeza hadi nimemwita jirani wa duka la mbegu aje kuangalia. Herufi nyembamba, safi, zimekaa kwa adabu. Kila mstari wa wimbo uko peke yake, kama Mwalimu alivyoukata.

Hili la mistari ni muhimu. Mwalimu Castory ana sheria moja kubwa kuliko zote: pumzi ni mwisho wa mstari. Hakuna kupumua katikati. Amewafundisha hivyo miaka yote, na sasa imewaingia kwenye damu. Mama Immakulata, kiongozi wa sauti ya pili, akisoma tangazo la msiba huvuta pumzi pale karatasi inapoishia, hata kama marehemu hajatajwa jina lote.

Chombo changu kilinishauri nipakie fonti moja, yaani umbo la herufi, ndani ya programu, ili iende nayo kwenye kila simu. Nimeiruka hatua hiyo. Fonti ni mzigo. Programu itumie herufi za kawaida itakazozikuta huko huko. Herufi ni herufi.

Nimemwekea Ernesta kwenye simu yake. Simu hiyo aliichagulia mwandiko wa mapambo, wenye mikia mikia, hadi ujumbe wa kukatika umeme unaonekana kama kadi ya harusi. Katika programu yangu hakuna mikia. Ameniuliza herufi hizi zimetoka wapi, mbona simu yake haiandiki hivi. Nimemwambia ndio utaalamu wenyewe. Programu yangu haiombi simu iiandikie. Inachora maneno yenyewe, kwa mkono wake. Amesema basi zinafanana na mgeni aliyeingia bila hodi na kukaa kitandani.

Hajui teknolojia. Nampenda hivyo hivyo.

Jumamosi, 5 Julai

Mazoezi. Nimeweka kompyuta juu ya meza, wanakwaya wote wamezunguka. Makofi! Bazilio, anayeongoza besi, amenipiga bega hadi nikasogea. Mama Immakulata amesema, Mana yanje, Mungu wangu, huyu fundi wa fotokopi kumbe ana kichwa. Nimemsahihisha kwamba sasa ni mtaalamu. Hakusikia.

Nimeiweka programu kwenye simu za wote. Hatujaifungua, giza lilikuwa linaingia na watu walikuwa na ng'ombe wa kuwahi. Hakuna haja. Kompyuta imeonyesha.

Mwalimu amenipa joho la kujaribu. Lilikuwa la mwimbaji mmoja mfupi aliyehamia Gwarama. Linanifikia magotini. Nimelivaa nyumbani wakati wa chakula. Ernesta ameniambia nikidondoshea mchuzi wa migebuka nitalifua mwenyewe. Nimekula kwa mikono iliyonyooka. Jioni nzuri sana.

Jumatano, 9 Julai

Simu za watu wa wilaya hii hazijui kuimba.

Mazoezi yalianza vizuri. Mwalimu kanyanyua mkono. Simu zote juu. Wimbo unaanza: Nilikuja mgeni, mkanipa kiti, nikakaa. Mstari mmoja, pumzi moja. Kwenye kompyuta yangu ulikuwa mstari mmoja!

Kwenye simu ya Ernesta neno nikakaa lilikuwa limedondoka chini, peke yake. Kwa hiyo kavuta pumzi kabla yake. Kwenye simu ya Bazilio yamedondoka maneno mawili. Yake ni ile yenye tunda lililong'atwa mgongoni, alitumiwa na dada yake aliye Kanada. Mama Immakulata macho yake yamechoka, simu yake ameipangia maandishi makubwa kama ya bango. Kila mstari umekuwa mitatu. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni.

Kila mtu na kituo chake! Huyu anaanza, yule anameza hewa. Beti ya tatu ndiyo ilinimaliza. Maneno ni: Bwana hawezi kutuacha njiani. Bazilio, kwa sauti yake ile ya pipa, kaimba Bwana hawezi, kisha katulia, kavuta pumzi kwa raha zake. Paroko alikuwa anapita nje. Alirudi nyuma hatua moja, akachungulia.

Nimemwambia Mwalimu kwamba tatizo ni simu za bei rahisi. Bazilio ameuliza kama ya kwake ni ya bei rahisi. Mama Immakulata ameuliza tangu lini simu ikapumua.

Joho limerudishwa kabatini. Kwa muda tu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefanya uchunguzi. Nimezipanga simu juu ya kaunta: ya Ernesta, ya Mama Immakulata, ya Bazilio, na kompyuta yangu pembeni. Wimbo mmoja, programu moja. Nimeinama hadi mteja akadhani nimeangusha sarafu.

Ni kweli. Programu yangu inachora herufi yenyewe, lakini inachukua zile inazozikuta, na kila nyumba ina zake. Za kompyuta ni nyembamba na zimebanana. Za simu ya kawaida zina mabega. Za simu ya tunda zinapeana nafasi kama watu wenye hela. Tofauti ni unywele tu kwa kila herufi. Lakini unywele mara herufi za mstari mzima ni neno zima linalokosa mahali pa kukaa, nalo linashuka chini.

Nimejisikia fahari kugundua. Mtu mwingine asingegundua.

Halafu Mwalimu kapita dukani. Amesema amempigia Mwalimu Ghati, yule binti wa Tarime anayefundisha kompyuta sekondari moja kule Titye. Atakuja Jumamosi kutusaidia. Ghati! Anaimba kwaya nyingine ya Kasulu, tutakayokutana nayo jukwaani! Nimemwambia Mwalimu kwamba huo ni ujasusi. Amesema ni wema. Nimeona ni lazima niwahi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimewahi.

Mpango ni rahisi hadi unaniliza. Kama tatizo ni mipangilio tofauti, dawa ni mpangilio mmoja. Nimetangaza kwamba leo nasafisha simu za wanakwaya bure, vumbi la Julai linaharibu spika. Wamekuja wote, hata waliokuwa wanachambua maharage. Nimepuliza puliza kidogo kwa brashi. Kisha kimyakimya nimeingia kwenye mipangilio na kuziweka zote maandishi madogo kuliko yote. Mapambo ya Ernesta nimeyaondoa. Bango la Mama Immakulata nimelishusha.

Sasa mistari inakaa. Karibu yote. Ghati atakuja akute kazi imeisha, atakunywa soda na kurudi Titye.

Jumamosi, 12 Julai

Mama Immakulata amefika dukani kabla sijafungua. Dada yake amemwandikia kutoka Bujumbura habari ya mtoto aliyezaliwa, na yeye hakuweza kusoma kama ni wa kike au wa kiume. Ilibidi aombe jirani amsomee. Na jirani huyo, alisema, sasa anajua mambo ya ukoo wake wote. Amenishika sikio, mimi mtu mzima, mbele ya mteja wa picha za pasipoti. Nimerudisha maandishi makubwa. Ernesta amerudisha mikia yake mwenyewe, na chai ya leo haikuwa na sukari.

Mtoto ni wa kike. Nimempongeza.

Ghati amekuja na bodaboda, kilemba cha kijani, begi mgongoni. Anacheka cheka. Watu wa namna hiyo ni wa kuogopa. Ametengeneza programu yake usiku mbili tu, na amewawekea. Amefafanua kwamba ya kwake haichori herufi. Inaikabidhi simu maneno, na simu yenyewe inayaandika kwa mwandiko wake iliozaliwa nao. Kwa Ernesta yametokea na mikia. Kwa Mama Immakulata makubwa, meusi, yamekaa vizuri. Ernesta amesema kwa sauti ya juu kwamba hizi sasa ni herufi za nyumbani. Iliniuma.

Lakini! Bazilio kanyanyua simu yake ya tunda. Haifunguki. Ghati amekiri kwamba ile inahitaji programu nyingine, iandikwe upya kuanzia mwanzo, na yeye hana kifaa chake. Nimemsogelea Bazilio na kumpa pole kwa sauti ambayo wote wameisikia. Nimemkumbusha kwamba ya kwangu ilifunguka.

Na si hilo tu. Kwa Mama Immakulata mistari imekatika vilevile! Ghati hakubisha. Amesema hakuna anayeweza kuahidi mistari sawa kwenye kila simu, na mtu mwenye macho machovu ana haki ya herufi kubwa. Kwa hiyo alama ya pumzi isiwe mwisho wa mstari. Iwekwe alama maalumu, kijistari au nyota. Mwalimu Castory amenyooka. Amesema amefundisha mwisho wa mstari tangu baadhi ya hawa hawajabatizwa, hawezi kuwafundisha nyota wiki ya tamasha. Nimepiga makofi. Peke yangu.

Alipokuwa anaondoka Ghati kanivuta pembeni. Kanishauri niweke fonti moja ndani ya programu, nyepesi, iliyojaribiwa, na niijaribu kwenye kila simu kabla ya kuigawa. Kasema kwa upole kabisa. Nimemshukuru. Ni wazi anataka kunichelewesha.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeweka fonti ndani ya programu. Wazo langu.

Sikuchukua nyepesi iliyojaribiwa. Wimbo wa kuaga unastahili heshima. Nimepata moja ya bure yenye maua kwenye kila herufi kubwa. Nimewatumia wote asubuhi. Kwenye kompyuta yangu: bustani!

Saa sita simu zimeanza kuita. Kumbe aliyeitengeneza fonti hiyo alichoka kabla ya kufika kwenye tarakimu. Namba za beti zote zimegeuka visanduku vitupu. Mama Immakulata ameuliza kisanduku maana yake ni kunyamaza au kupiga makofi. Nimemjibu nitawasiliana. Bazilio hakuuliza. Amewaambia besi kwamba ni kupiga makofi, na jioni walikuwa wanafanya mazoezi nyumbani kwake.

Jumanne, 15 Julai

Mpango mpya, wa mwisho, usioshindwa. Kama herufi zinasumbua, tusitumie herufi! Nimepiga picha kioo cha kompyuta yangu, beti kwa beti, nikaziweka picha kwenye programu. Picha haina fonti. Picha ni picha. Mistari imekaa pale pale Mwalimu alipoikata, simu zote, bila ubishi.

Jioni, nyumbani. Ernesta amesema maneno ni kama sisimizi. Nimemwambia avute kwa vidole. Kavuta. Nusu ya mstari imetoka nje ya kioo. Kairudisha, imetoka nusu nyingine. Kwa Bazilio picha imetanuka na kuwa na ukungu, kasema ni kama kusoma ukiwa ndani ya chandarua. Katika beti ya pili anaonekana pia mtu mwenye kidole puani. Ni mimi, kwenye kioo cha kompyuta.

Sijakata tamaa. Nimekula viazi vitamu viwili na kulala mapema.

Jumatano, 16 Julai

Siku kubwa! Niandike polepole.

Nimeenda mazoezini nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Mwalimu Castory kaniita mbele. Kaniomba niirudishe ile programu ya kwanza. Ile ya Jumatano iliyopita, iliyomtoa paroko njiani! Nikafikiri ni kejeli. Hapana. Alisema tangu siku ile kuna kitu kinamsumbua kichwani. Vurugu ilikuwa vurugu, lakini kati ya vurugu hiyo aligundua kwamba sauti haikukatika hata mara moja. Wimbo wake ule una beti ya mwisho ndefu, na miaka yote, katika kila wimbo, wakipumua wote pamoja linatokea shimo, kila mstari shimo. Siku ile hapakuwa na shimo. Mmoja alipovuta hewa, mwingine alikuwa bado anaimba.

Nimeirudisha programu kwenye kila simu. Mwalimu kawaambia kila mtu aangalie mstari unapokatikia kwenye simu yake, na pumzi yake iwe hapo, ni yake, aikariri kama jina lake. Ernesta na wa pembeni yake walikuwa na simu za namna moja, wakakutana mahali pamoja. Mwalimu kamsogeza mmoja neno moja mbele. Bazilio kakatazwa kabisa kupumua baada ya hawezi. Wameimba. Wamerudia. Mama Immakulata kasimama katikati ya beti, kasema nywele zimemsimama.

Kuna jambo moja halijanikaa sawa. Mwalimu anasema sasa sheria ya mwisho wa mstari ibaki, ila kila mtu na mstari wake. Sioni tofauti na nilichowapa mimi tangu mwanzo. Ernesta amejaribu kunieleza kwamba Mwalimu amechukua kosa na kulifanyia kazi. Nimemsikiliza. Muhtasari wangu: mfumo umekubalika.

Ijumaa, 18 Julai

Joho limerudi! Kwa masharti. Nisimame mstari wa nyuma kabisa. Nisifungue mdomo. Mwalimu kayarudia masharti hayo mbele ya Ernesta, ili kuwe na shahidi.

Nimemuuliza kwa nini basi ananipa, kama anaogopa sauti yangu hivyo. Kasema alipofika Kibondo mara ya kwanza, kijana mpya wa serikali asiyejua hata neno moja la Kiha, aliingia kanisani akasimama ukutani kwa sababu kila mtu alikuwa na mahali pake. Kijana mmoja katoka nje, kaenda hadi nyumba ya paroko, karudi na kiti kichwani, kakiweka mbele yake. Kasema kijana huyo ni mimi.

Sikumbuki. Nimebeba viti vingi.

 Nyumbani Ernesta kanipigia pasi joho bila kuombwa, kashusha pindo, sasa linapita magoti. Chai ilikuwa na sukari nyingi.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika ndani ya Kosta, tunarudi, tumeshapita Busunzu. Barabara ni nzuri lakini watu wanaruka ruka kwa furaha, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Asubuhi tulifika Kasulu mapema, uwanja umejaa. Baridi ya milimani, jua kali, vumbi jekundu kwenye viatu vya kila mtu. Kabla ya kupanda jukwaani Mwalimu kaamuru simu zote zibaki kwenye gari. Zote! Nilimfuata mbio. Nilimkumbusha kwamba bila simu hakuna programu. Kasema programu sasa iko kifuani kwao. Nilitaka kubishana, lakini Mama Immakulata alinitazama, na sikio langu likakumbuka.

Tukapanda. Mimi nyuma, kati ya Bazilio na nguzo. Mikoba ya akina mama imebaki garini. Mikono yangu haikuwa na kitu. Sikujua niiweke wapi.

Wakaanza. Nilikuja mgeni, mkanipa kiti, nikakaa. Mwalimu alipofika hapo aliangalia mstari wa nyuma, kunielekea mimi. Nadhani alikuwa anakagua kola yangu. Niliirekebisha.

Na sauti, sijui niiandikeje. Haikukatika. Nilikuwa ndani yake na sikuona mahali ilipochukua hewa. Nilimwona Ernesta akivuta pumzi, bega likapanda, na wimbo ukaendelea bila yeye, kisha akaingia tena kama hakuwahi kutoka. Uwanja ulikuwa umetulia. Hata wauza mahindi waliacha kupepea moto. Beti ya mwisho ilipanda, ikapanda, na mimi nikasahau. Nilifungua mdomo. Kidogo tu. Ernesta alirudi nyuma nusu hatua na kunikanyaga kidole gumba bila kukosa noti.

Nafasi ya pili! Kikombe! Jaji mkuu kashika kipaza sauti na kusema alisikiliza kwa makusudi ajue kwaya hii inapumua wapi, na ameshindwa. Mwalimu Castory kapokea kikombe, kakishika kama mtoto mchanga, na machozi yakamtoka mbele ya umati. Kisha kawashukuru paroko, wanakwaya, na fundi wetu wa fotokopi. Alisema fundi. Lakini alisema kwenye kipaza sauti, na spika zilikuwa kubwa, na nililia. Nililia kweli, ndani ya joho, na sioni aibu kuliandika hapa.

Kwaya ya Ghati imekuwa ya tatu. Kaja kunipa mkono, anacheka. Kasema hajawahi kuona hitilafu ya herufi ikipata kikombe, na kama nikitaka Jumamosi moja aje tuirekebishe pamoja. Maskini. Wivu ni kitu kibaya.

Wanaimba tena. Nitaacha hapa, Bazilio anataka nipige makofi kwenye visanduku.

Jumatatu, 21 Julai

Siku tulivu. Wateja wengi, wote wanataka kusikia habari za Kasulu. Nimewahadithia kila mmoja kuanzia mwanzo, pamoja na sehemu yangu.

Mwalimu Castory kapita mchana. Anaondoka Alhamisi, mizigo ameshaifunga. Alikaa, tukanywa soda. Kisha kaniomba kitu kimoja. Karatasi. Maneno ya wimbo wake, herufi kubwa za kawaida, mistari kama alivyoikata yeye, aibandike ukutani kwake Muleba, awe anatukumbuka. Alitaka kulipa, nikakataa kwa hasira. Tuliagana kwa kushikana mikono muda mrefu. Nitammiss sana yule mzee.

Lakini karatasi! Mtu aliyechukua kikombe! Mtu aliyenivika joho! Alipotoka tu nimefunga duka na kukaa kwenye kompyuta. Namtengenezea programu ya peke yake. Maneno ya dhahabu, yanateremka polepole, na ua linafunguka mwanzoni mwa kila beti. Fonti nimeichagua nyingine, yenye tarakimu. Ghati kaniandikia kwamba kama natengeneza kitu kipya ni lazima nikijaribu kwanza kwenye simu ya atakayekitumia. Nimemjibu kwa kidole gumba. Kwenye kompyuta yangu kinapendeza hadi nimemwita tena jirani wa mbegu.

Ernesta kachungulia juu ya bega langu akiwa ameshika kikombe cha chai. Amesema inapendeza kweli. Halafu amenikumbusha kwamba simu ya Mwalimu Castory ni ile ndogo ya vitufe, yenye tochi.

Nimemjibu hilo ni tatizo la simu.